Vitambaa Vibaya vya Mama

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wa darasa la sita walimwagika nje kama maharage kutoka kwenye gunia lililotoboka. Kila mmoja alikuwa na pa kukimbilia. Huyu alikimbilia mpira, yule kwa shangazi yake, na wengine walikimbia tu kwa sababu wenzao wanakimbia. Sisimizi peke yake ndiye aliyetembea.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake, maana wazazi wake walikuwa na akili zao timamu. Alipewa na rafiki yake Redio, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, mkimya, na kila siku alionekana amebeba mkoba mkubwa kuliko yeye. Redio naye alilipata lake kwa haki kabisa. Hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Leo tena hospitali?" Redio aliuliza langoni.

"Leo tena."

"Wewe utaanza kuota bandeji. Mtu unakwenda hospitali kila siku na huumwi hata jino."

"Mama yuko huko."

"Mama yangu yuko sokoni, mbona mimi siishi kwenye matenga ya nyanya?"

Sisimizi alicheka kidogo, kicheko cha adabu tu, akashika njia. Angemwelezaje? Baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na sauti yake ilifika nyumbani kwa simu mara nyingi kuliko alivyofika mwenyewe. Bibi aliyekuwa akiishi nao alikuwa amehamia kwa mjomba kusaidia kulea pacha. Tangu hapo nyumba yao ilikuwa na viti vingi kuliko watu, na aliyebaki na maneno sebuleni ni saa ya ukutani. Sisimizi alijaribu siku chache kukaa na saa hiyo. Haikuwa na hadithi ila moja.

Mama yake alikuwa daktari, na katika miezi hiyo alikuwa akijifunza upasuaji wa matundu madogo. Katika upasuaji wa zamani, tumbo la mgonjwa hufunguliwa kwa mkato mrefu. Katika huu, daktari hutoboa matundu machache, kila moja dogo kama kifungo cha shati. Tundu moja huingizwa kamera, mengine huingizwa koleo na mkasi vyenye shingo ndefu. Daktari halitazami tumbo, anatazama skrini. Mgonjwa hupona upesi, lakini daktari huteseka kujifunza, kwa sababu ukipeleka mkono kulia, ncha iliyo ndani inakwenda kushoto. Ukiinua, inashuka. Ni kama kumfunga mtu kamba za viatu ukiwa chumba cha pili, kwa vijiti, huku umekodolea macho televisheni.

Ndiyo maana hakuna aliyeruhusiwa kumgusa mgonjwa kabla ya kupita kwenye chumba cha mazoezi. Chumba hicho kilikuwa mwisho wa ukumbi, karibu na chumba cha kufulia nguo za hospitali, na kilinuka sabuni na mvuke. Juu ya meza kulikuwa na masanduku meusi, kila moja na matundu yaliyozibwa kwa mpira, kamera ndani na skrini juu. Ndani ya sanduku hakukuwa na tumbo wala utumbo. Kulikuwa na kipande cha shashi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kimebanwa pembe zote na kuchorwa duara kwa wino. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kulikata duara lile juu ya mstari. Ukivuta sana, kitambaa kinachanika. Ukilegeza, mkasi unakitafuna kama mbuzi.

Mkuu wa chumba aliitwa Dokta Tena. Jina lake halisi lilikuwa mlangoni, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mzee mwenye kipara king'aacho na sauti ya chini, na kila mwanafunzi alipomaliza kukata alimwambia neno moja tu: "Tena." Wanafunzi walidai kwamba hata akimaliza chai hukitazama kikombe na kukiambia hivyo hivyo.

Sheria yake ilikuwa moja. Kila kitambaa kilichokatwa, kizuri kwa kibaya, kiingizwe kwenye droo ya aliyekikata. Mwenye droo haruhusiwi kuchambua wala kutupa. Dokta Tena mwenyewe ndiye huzifungua, akapanga vitambaa mezani na kuvitazama kimya kama mtu anayesoma barua ya mkwe.

Ni yeye aliyemruhusu Sisimizi kukaa mle baada ya shule, ingawa watoto hawakutakiwa kuwamo.

"Utakaa kona ile, mjukuu wangu," alimwambia. "Fanya hesabu zako. Macho yaone, mikono isiguse."

Kwa muda mikono haikugusa. Sisimizi alifanya hesabu, akamtazama mama yake kutoka nyuma. Huo ndio upande wa mama alioujua vizuri siku zile: mgongo, shingo iliyoinama, viwiko viwili vinavyopanda na kushuka. Mara nyingi mama alikuwa hajamaliza kukata duara, muuguzi anachungulia mlangoni: "Daktari, wodini wanakuita." Mama anatupia kitambaa kwenye droo, anampiga Sisimizi kibao cha mapenzi begani, "Narudi sasa hivi, mwanangu," anaondoka. Na hiyo "sasa hivi" yake, ukiipima, ingetosha kupika makande na kuyala.

Siku moja, mama na wenzake wakiwa wote wodini, Sisimizi aliinuka. Hakukusudia ubaya. Alitaka tu kukaa kwenye kiti cha mama kikiwa bado na joto. Akakaa. Kisha akashika vishikio vya vyombo, navyo vilikuwa na joto pia. Akasogeza mkono kulia, na kwenye skrini koleo likaenda kushoto kama mtoto mtukutu. Sisimizi akacheka peke yake, na kicheko kikamshtua, maana kilikuwa na muda hakijasikika.

Kesho yake akajaribu tena. Na kesho kutwa. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na subira alikuwa nayo tele, kwa kuwa mtu asiye na wa kuzungumza naye huwa na wakati wa kutosha. Mwanzoni aliharibu. Baadaye duara likaanza kutoka duara. Kitambaa cha kwanza kilichotoka vizuri alikitia kwenye droo ya mama, juu ya vile vya mama, akafunga. Ilikuwa kama wamekaa pamoja mahali fulani.

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini jioni moja alimsikia mama akizungumza na baba kwa simu ukumbini.

"Yote yanategemea droo," mama alisema. "Dokta Tena akiridhika na vitambaa vyangu, nitaingia chumba cha upasuaji mchana, na jioni niko nyumbani kama watu wengine. Asiporidhika, ndiyo hivyo, kukaa huku mpaka giza." Akasikiliza kidogo. "Mtoto? Mtoto hasemi kitu. Hicho ndicho kinachoniumiza."

Mtoto, ambaye hasemi kitu, alirudi kwenye kona yake akafungua hesabu ukurasa usiokuwa wa hesabu za siku ile.

Tangu siku hiyo akawa na kazi. Mama akiitwa wodini, Sisimizi huketi akakata duara safi, akalitia drooni. Kisha huchambua vya mama. Vile vilivyochanika au kutafunwa alivitoa, akavikunja na kuvificha mkobani nyuma ya kitabu cha ramani. Hakuvitupa. Kila alipokaribia pipa la taka mkono ulikataa, kwa sababu vilikuwa vya mama.

Ilifika siku Dokta Tena akafungua droo ya mama. Akapanga vitambaa mezani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Wanafunzi wote walisubiri neno lile moja.

"Alhamisi," alisema Dokta Tena, "tuna mgonjwa wa mawe kwenye mfuko wa nyongo. Utashika vyombo wewe. Mimi nitashika kamera."

Chumba kizima kilipiga makofi. Mama aliweka mkono kifuani. "Kweli, daktari? Mimi mwenyewe nilijiona bado, hasa upande wa kushoto."

"Mtu hajioni kisogo," alisema Dokta Tena. "Vitambaa vimesema."

Jioni ile mama alirudi nyumbani na Sisimizi wameshikana mikono, jua bado lipo. Mama alipika huku akiimba wimbo usio na mwanzo wala mwisho, akamwuliza habari za Redio, akacheka mpaka akakaa. Sisimizi alikula polepole ili jioni isiishe. Alijisikia kama mtu aliyeshinda. Kulikuwa na kitu kidogo kinachomkwaruza ndani, kama punje ya mchanga kwenye soksi, lakini alikanyaga juu yake akaendelea.

Siku iliyofuata alipokuwa akipita ukumbini, sauti ilimwita kutoka kwenye benchi.

"Wewe mtoto, hebu njoo. Nani amekusuka hivi? Mlikuwa na ugomvi?"

Alikuwa mama mmoja mnene aliyevaa gauni la wagonjwa, amejishika ubavu wa kulia.

"Mama yangu," alisema Sisimizi.

"Basi mama yako ana kazi nyingine."

"Ni daktari."

"Ndiyo nasema. Atibu, asisuke. Mimi ni msusi, naona uchungu. Kaa hapa chini."

Sisimizi alikaa kati ya magoti yake. Msusi akaanza kufumua na kusuka upya, vidole vikienda vyenyewe bila kutumwa. Kichwa cha Sisimizi kilitulia. Hakukumbuka ni lini mtu alikishika kichwa chake kwa muda mrefu namna ile.

"Unaumwa nini, shangazi?" aliuliza.

"Mawe tumboni, mwanangu. Eti mfuko wa nyongo umejaa kokoto, utadhani nimemeza barabara. Kesho wananitoa mawe hayo." Vidole vikapunguza mwendo. "Nilikuwa naogopa. Nikasikia anayenifanyia ni daktari ndiyo kwanza anaanza. Nikamwambia yule mzee wa kipara, baba, mimi si shamba la majaribio. Akanijibu, nimeona kazi ya mikono yake, droo nzima, na kitambaa kilichochanika hakimo. Basi moyo ukatulia. Mimi mwenyewe simpimi msusi kwa maneno, nampima kwa mistari ya kichwani."

Sisimizi alishtuka. Alihisi kama kuna mtu amemmwagia maji ya baridi shingoni.

"Nimekuvuta?" msusi aliuliza.

"Hapana."

"Mbona unalia?"

"Sijui, shangazi."

"Tulia. Namalizia. Kichwa hiki kilikuwa kimeachwa peke yake muda mrefu."

Alipofika kwenye chumba cha mazoezi, mama hakuwamo. Alikuwa wodini, akiwatazama wagonjwa wa kesho. Sisimizi alitoka nje akakaa ngazini, mkoba magotini. Ndani ya mkoba, nyuma ya kitabu cha ramani, vitambaa vibaya vya mama vilikuwa vimelala vimekunjwa. Na hapo ndipo Redio alipotokea, ametumwa na mama yake kumletea jirani aliyelazwa nguo za kubadilisha.

"Umesukwa," alisema Redio. "Na umenuna. Vitu viwili hivi haviendi pamoja."

"Redio, nikuulize. Kama mtu amemfanyia mwenzake mtihani, na mwenzake hajui."

"Hajui kivipi? Yeye akili yake ilikuwa wapi?"

"Hajui tu. Akafaulu."

Redio alifungua mdomo, kisha akaufunga. Kwa wanaomfahamu, hilo lilikuwa tukio. "Mtihani wenyewe ni wa kupita darasa," aliuliza, "au ni wa kwenda kufanya kitu?"

"Wa kwenda kufanya kitu."

"Basi siku ya kukifanya, atakifanya kwa mikono ya nani?"

Sisimizi aliinuka, akajifuta vumbi.

"Unakwenda wapi? Nimesema nini?" Redio aliuliza. "Mimi nikisema jambo la maana nalikosa mwenyewe, hebu nirudishie."

Lakini Sisimizi alikwisha ingia ndani. Alifikiria kumtafuta mama kwanza. Akaukumbuka ule wimbo wa jikoni, miguu ikagoma. Basi akaenda kugonga mlango wenye jina lisilotumika.

Dokta Tena alikuwa akinywa chai. "Ingia, mjukuu wangu."

Sisimizi alibaki amesimama. Maneno yalitoka yamepinda, la mwisho likitangulia, lakini yalitoka yote. Dokta Tena hakumkatiza. Alisukuma kikombe kando polepole, kana kwamba chai ilikuwa imegeuka dawa.

"Na vile vibaya," aliuliza mwishowe, "vya mama yako. Viko wapi?"

Sisimizi akafungua mkoba. Akavitoa kimoja kimoja, akavinyoosha mezani kwa kiganja. Dokta Tena akavipanga mstari, akainama juu yake.

"Tazama," alisema. "Unaona nini?"

Sisimizi akatazama. Kila kitambaa kilianza vizuri juu, kikazunguka vizuri kulia, kisha kikaharibika. Na vyote viliharibika mahali pamoja, chini upande wa kushoto, pale ambapo mkono mmoja hulazimika kupita mbele ya mwenzake. Kama ungeviweka kimoja juu ya kingine, michaniko ingekutana.

"Kila kimoja kinasema jambo moja," alisema Dokta Tena. "Vinasema, nifundishe hapa. Nami sikuvisikia, kwa sababu ulivifunga mkobani." Akainua simu ya mezani. "Mwiteni daktari aje."

Mama aliingia haraka, koti likipepea. Alimwona mtoto, akaona meza, akavitambua vitambaa vyake. Dokta Tena akamweleza kwa maneno machache, sauti ileile ya chini. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika.

"Ulifikiri siwezi?" alimwuliza Sisimizi. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Hapana, mama."

"Sasa kwa nini?"

"Nilitaka urudi nyumbani."

Nje, mashine za kufulia zilinguruma, zikanyamaza. Mama alivuta kiti akaketi.

"Kosa lina wenyewe watatu," Dokta Tena alisema. "Mtoto alidanganya. Wewe, daktari, moyo wako ulikwambia bado, ukasikiliza sifa badala ya moyo. Na mimi nilisema napima mikono, kumbe nilipima droo. Nilitakiwa nikae hapo nikutazame ukikata. Haya, twende tukate."

Walikwenda wote. Mama alivaa glavu, akashika vyombo. Juu mkasi ulikwenda vizuri. Kulia ulikwenda vizuri. Ulipofika chini kushoto mkono ukapita mbele ya mwenzake, kitambaa kikavutika, na kwenye skrini wakaona nyuzi zikiachana moja baada ya nyingine.

"Tena," alisema Dokta Tena, na siku ile hakuna aliyetabasamu.

Usiku haujaingia, msusi alikuwa amekwisha ambiwa ukweli. Aliguna sana, akasema yeye alijua tu, kokoto zake zina gundu. Kisha akauliza nani atamfanyia. Alhamisi Dokta Tena alishika vyombo, mama akashika kamera, na mawe yakatoka salama. Msusi alipozinduka aliomba aonyeshwe kokoto zake, akazilaumu kwa majina.

Sisimizi alipigwa marufuku kuingia chumba cha mazoezi. Hakulalamika, alijua alivunja sharti la mikono. Lakini adhabu ile ilikuwa na makali yake. Sasa alitoka shule akaenda moja kwa moja kwenye nyumba yenye viti vingi. Alifungua mlango, akasalimia kwa mazoea, na saa ikamjibu kwa hadithi yake ileile. Mama alirudi giza limeingia, amechoka mpaka sauti. Walikula wakitazama sahani. Si kwamba walikuwa wamenuniana. Kila mmoja alikuwa akitafuta pa kuanzia, hakupaona.

Jioni moja Redio aligonga, akakaa kizingitini, akazungumza bila kituo mpaka mama yake alipomwita kutoka mtaa wa pili. Alipoondoka, kimya kilionekana kikubwa zaidi, kama chumba kilichotolewa kitanda.

Kisha siku moja mama alirudi mapema kuliko kawaida, amekumbatia boksi la karatasi ngumu la kubebea dawa.

"Dokta Tena amenituma," alisema, akiliweka kwenye meza ya kulia chakula. "Amesema nikiweza kufanya mazoezi hapa baada ya kazi, nisikae kule mpaka giza. Akanikopesha koleo na mkasi. Lakini anasema nahitaji msaidizi. Nikamwuliza, daktari, nimpate wapi? Akanitazama kama anayemtazama mjinga."

Sisimizi alisogea. Mama akatoboa boksi matundu mawili, akayaziba kwa mpira wa glavu uliokatwa. Kwa juu akatoboa la tatu na kulaza simu yake, kamera ikichungulia ndani. Ndani wakabana shashi iliyochorwa duara. Kazi ya Sisimizi ilikuwa kumulika kwa tochi kutoka ubavuni, na kusema mstari unakwenda wapi.

"Chini kushoto sasa," alisema Sisimizi.

"Najua."

"Unavuta, mama."

"Najua, bibi mkubwa." Kitambaa kikachanika. Mama akapumua. "Haya, kibandike."

Vibaya vyote walivibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, juu ya meza, mbele ya macho. Redio alipokuja kutazama alisema ule ni ukuta wa panya, hakuna kiumbe kingine kinachoweza kutafuna nguo namna ile, na mama akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Lakini siku zilivyokwenda, panya alianza kushiba. Michaniko ikawa midogo. Kisha ikawa mikwaruzo. Kikabandikwa kimoja kisicho na kitu, kikafuatiwa na kingine kilichoharibika, kisha viwili visafi.

Mara nyingine Sisimizi naye alipewa zamu. Siku moja alifanya haraka, akachana, na kabla hajafikiri alikuwa amekikunja kile kitambaa na kukificha kiganjani. Mama akaona. Alimfungua vidole kimoja kimoja, akakitoa, akakibandika ukutani pamoja na vyake.

Dokta Tena alipompima mama mara ya pili hakufungua droo. Aliweka kiti karibu na kiwiko chake na kumtazama akikata, duara baada ya duara. Mwishoni akasema, "Basi." Watu walishtuka. Hawakujua neno hilo alikuwa nalo.

Siku mama alipoingia chumba cha upasuaji kushika vyombo kwa mara ya kwanza, Sisimizi alirudi nyumbani akaketi mezani, chini ya ule ukuta. Hakuwasha kitu. Saa ilisema yake. Alitazama mlango, akatazama vitambaa, akatazama mlango. Alikuwa peke yake kama zamani, na hofu yote ya nyumba ilikuwa imekaa naye. Lakini safari hii alijua mikono iliyokuwa kazini kule ilikuwa ya mama mwenyewe.

Ufunguo ukazunguka. Mama aliingia, akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha jirani yake bila kuwasha taa.

"Anaendeleaje?" Sisimizi aliuliza.

"Amelala. Amekunywa maji kidogo. Atapona." Mama alinyoosha mikono yake juu ya meza akaitazama. "Nikwambie kitu. Nilifika mahali, mkono ukabidi upite mbele ya mwenzake. Chini kushoto. Nikahisi unaanza kuvuta, palepale. Na mimi nikaujua mchezo wake. Kama ningekuwa siujui, ungeendelea. Nikasimama. Nikamwomba Dokta Tena asogeze kamera, nikaingia kwa upande mwingine, taratibu, nikakata."

"Hapakuchanika?"

"Hapakuchanika."

Sisimizi aliegemeza kichwa begani kwake. Mama akauweka mkono juu ya kichwa hicho, ukabaki.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua," mama alisema. "Mimi nilidhani ni habari ya wagonjwa. Kumbe hata kosa ni maradhi. Ulipoyaficha makosa yangu ulitaka kunisaidia, mwanangu, lakini uliniachia ugonjwa ukaninyima dawa. Ulipoyatoa, yakanifundisha. Kwa hiyo sikia. Shuleni, nyumbani, popote, ukikosea, usikunje kiganjani. Kiweke mezani tukitazame. Na upweke nao ni hivyo hivyo. Ukiwa mpweke, usikae nao kona ukiukatia vitambaa. Niambie."

Sisimizi alifikiri kidogo.

"Leo nilikuwa mpweke," alisema.

"Hata mimi," alisema mama. "Humo ndani, wote wamevaa barakoa, hujui nani anacheka na nani ananuna. Haya, nisimulie yako kwanza. Anza na shule."

Sisimizi akaanza na shule.